Thurles: Mji wa Mto Suir na Chumba cha Watu Saba

Katika nchi ya Ayalandi, upande wa kusini, upo mto uitwao Suir, ambao huzaliwa katika miteremko ya mlima Bearnán Éile, ukashuka polepole kati ya malisho ya ng'ombe na mashamba ya kaunti ya Tipperary, ukipokea vijito kulia na kushoto, hata ukafika karibu na Waterford na kuingia baharini pamoja na Nore na Barrow, mito miwili ambayo wenyeji huihesabu pamoja na Suir kuwa ni dada watatu wa tumbo moja. Mlima huo una pengo juu ya kilele chake, mfano wa jino lililong'oka, na ngano ya wazee husema kwamba Ibilisi, alipokuwa akipita kwa ghadhabu, aliuma kipande cha mlima, kikamshinda, akakitema mbali uwandani, nacho kikawa ndio ule mwamba mkubwa wa Cashel, makao ya wafalme wa kale wa Munster. Mimi sioni haja ya kuicheka ngano hiyo, kwani nchi ambayo watu wake wamepewa hadithi kwa kila jabali na kila kivuko ni nchi iliyopendwa na watu wake. Na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo msomaji yampasa alijue kabla ya kuingia katika mji wa Thurles, uliokaa ukingoni mwa mto huo, kati ya mlima ulioumwa na mwamba uliotemwa.

Mji wenyewe si mkubwa. Wakaazi wake ni wapatao 8,000, na mgeni apitaye kwa garimoshi la kutoka Dublin kwenda Cork aweza kuuona na kuusahau kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Jina lake kwa Kiayalandi ni Durlas Éile, maana yake ngome imara ya Éile, na Éile ilikuwa milki ya kikabila ambayo sehemu yake ya huku ilitawaliwa na ukoo wa Ó Fógarta. Basi tangu asili mji huu ulihesabiwa kuwa ni boma, mahali pa kujilinda, na tarikhi yake ya kwanza iliyo mashuhuri ni tarikhi ya vita. Wanormani walikuwa wamevuka bahari kutoka Wales mwaka 1169, na kwa muda wa miaka mitano walikuwa wakiuteka mji baada ya mji, hata watu wakadhani kwamba farasi wao na deraya zao hazina mshindi. Lakini mwaka 1174 jeshi lao lilipofika Thurles lilipigwa vibaya na Domnall Mór Ó Briain, mfalme wa Thomond, na likarudi nyuma likiwa limeacha maiti wengi.

Mfalme huyu ameacha athari nyingine ambayo hata leo yatazamika kwa macho. Mwendo mfupi kusini mwa mji, ukingoni mwa mto ule ule, ipo abasia ya Msalaba Mtakatifu, Holycross, ambayo yeye aliwapa watawa wa Kisitersiani, nayo ikawa mahali pa hija kwa sababu ya kipande cha mti kilichoaminiwa kuwa ni cha msalaba wa Yesu. Abasia hiyo ilikuja kuwa magofu, paa likaanguka, majani yakaota madhabahuni, hata katika miaka ya 1970 ikafufuliwa na kuezekwa upya, ikawa kanisa la ibada kama zamani. Ni jengo la mawe ya kijivu, na wenye ujuzi wa sanaa huusifu uchongaji wake kuwa ni katika uhodari wa juu wa mafundi wa Ayalandi wa zama za kati.

Ushindi wa 1174 haukuuzuia ufalme wa Uingereza kupenya. Baada ya muda nchi ya huku iliingia mikononi mwa ukoo wa Butler, makabaila wa Kinormani ambao kwa karne nyingi walikuwa na nguvu za kifalme katika Tipperary, na minara miwili ya zama zao ingali katika mji: mmoja kando ya daraja, wenye kuchungua kila avukaye mto, na mwingine, uitwao Ngome Nyeusi, nyuma ya maduka ya mji wa leo. Katika ukoo huu alitoka Thomas Butler, aliyeitwa Vaikaunti wa Thurles, ambaye mwaka 1619 jahazi lake lilivunjika karibu na Skerries naye akafa maji, akamwacha mkewe Elizabeth Poyntz na watoto wadogo. Na mtoto wake wa kwanza, James, ndiye aliyekuja kuwa Mtukufu Dyuki wa Ormond, naibu wa mfalme katika Ayalandi. Lakini nisimzuie msomaji sana katika nyumba za makabaila. Mawe yao yamebaki, na amri zao zimekwisha.

Kilichoufanya mji uwe na sauti kubwa kuliko kimo chake ni kwanza kanisa. Katika zama zile ambazo sheria za Uingereza ziliwakandamiza Wakatoliki, wakakatazwa vyeo na kuzuiwa kumiliki ardhi kwa uhuru, askofu mkuu wa Cashel hakuweza kukaa juu ya mwamba wa Cashel, kwa kuwa kanisa la pale lilikuwa mikononi mwa Waanglikana. Basi katika karne ya 18 maaskofu wakahamia Thurles, na mji mdogo wa mto ukawa kiti cha jimbo kuu. Mwaka 1850, taifa likiwa bado linazika watu wake wa njaa kuu, maaskofu wa Ayalandi yote walikutana katika chuo cha Mtakatifu Patrick cha mji huu kwa sinodi ya kwanza ya taifa zima baada ya mamia ya miaka, chini ya uenyekiti wa Paul Cullen, wakaamua mambo ya elimu na ibada ambayo yaliliongoza kanisa lao kwa karne nzima iliyofuata. Kisha, kati ya mwaka 1865 na 1879, likajengwa Kanisa Kuu la Kupalizwa Mbinguni, lenye mnara mrefu na uso wa mbele uliochukuliwa kwa mfano wa kanisa kuu la Pisa katika Italia. Na ndani yake kimewekwa kisanduku cha ekaristi kilichobuniwa na Giacomo della Porta, ambacho asili yake kilikuwa Roma katika kanisa la Gesù. Fikirini: watu waliotoka katika njaa iliyoua kiasi cha milioni moja ya ndugu zao, wakasafirisha milioni nyingine na zaidi ng'ambo, wakachanga senti zao kujenga mawe ya namna ile. Wako watakaosema kwamba fedha hiyo ingalifaa kununulia mkate. Mimi nasema kwamba watu walioambiwa kwa miaka mia mbili kuwa dini yao haifai kuwa na mnara walikuwa na haki ya kutaka mnara.

Hapa pana kiungo kimoja na pwani yetu, nami nakitaja kwa kuwa ni cha kweli. Katika kaunti hii hii ya Tipperary, kusini ya Cashel, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha chuo cha Rockwell mwaka 1864, na miaka minne tu baadaye mapadre wa shirika hilo hilo, Wafaransa, waliweka misheni yao Bagamoyo, ng'ambo ya Unguja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa ajili yake nimeshika kalamu. Mchezo wa hurling ni wa kale mno kwa Waayalandi, wa kale kuliko kumbukumbu zao za maandishi, na uzee wake huthibitishwa na adui zake, kwani sheria za Kilkenny za mwaka 1366 ziliwakataza walowezi wa Kiingereza kuucheza, wasije wakageuka kuwa Waayalandi kwa njia ya uwanja. Huchezwa kwa gongo liitwalo camán, lililopanuka mwishoni kama upawa, ambalo huchongwa kwa mti uitwao fuinseog, mweupe, wenye kupinda bila kuvunjika. Na mpira wake, sliotar, ni mdogo wa kujaa kiganja, wa ngozi iliyoshonwa kwa mishono iliyotokeza. Asidhani msomaji kwamba ni mpira wa magongo kama ule uchezwao Nairobi na Dar es Salaam, ambao hukaa chini majanini. Huu huruka. Mchezaji huudaka kwa mkono, huuweka juu ya gongo na kukimbia nao bila kuuangusha, huupiga ungali hewani, na kutoka mbali huupitisha kati ya nguzo mbili ndefu: ukipita juu ya mwamba wa goli ni pointi moja, ukiingia chini wavuni ni goli, nalo huhesabiwa pointi tatu. Kila upande una wachezaji 15, na kwa watazamaji wa mara ya kwanza jambo la kustaajabisha ni kwamba watu hawa wote wanatoka uwanjani na vichwa vyao.

Katika miaka ya 1880 mchezo huu ulikuwa mahututi. Njaa ilikuwa imevitoa roho vijiji vilivyoucheza. Na michezo ya riadha ilikuwa chini ya vyama vilivyofuata desturi ya Uingereza, ambavyo viliwaona mafundi wa mikono na vibarua kuwa hawastahili kushindana na waungwana, na vikachukia michezo ya Jumapili, siku ambayo kwa mtu wa jembe ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Mtu aliyelisimamia jambo hili ni Michael Cusack, mwalimu, aliyezaliwa mwaka 1847 katika nyanda za mawe za kaunti ya Clare, katikati ya njaa yenyewe, mtu wa kifua kipana, ndevu nyingi na ulimi mkali, ambaye katika Oktoba 1884 aliandika gazetini makala ya kuwataka Waayalandi wachukue michezo yao mikononi mwao. Aliyemjibu na kumuunga mkono alikuwa Maurice Davin wa Carrick-on-Suir, mji ulio chini zaidi katika mto ule ule wa Suir, mwanariadha ambaye sifa zake za kutupa nyundo zilikuwa zimevuka bahari, mtu mtulivu kwa kadiri ile ile ambayo Cusack alikuwa moto. Walikubaliana kuitisha mkutano, na mahali palipochaguliwa ni Thurles, kwa kuwa garimoshi la njia kuu lilipita hapo na kila upande wa nchi uliweza kufika.

Basi Jumamosi ya tarehe 1 Novemba 1884, alasiri, katika chumba cha biliadi cha hoteli ya Hayes, iliyoko katika uwanja mpana wa katikati ya mji, walikutana watu ambao saba kati yao majina yao yamehifadhiwa. Nawataja wote, maana ni wachache na wanastahili: Cusack na Davin, John Wyse Power na John McKay, waandishi wa habari, Joseph O'Ryan, mwanasheria, J. K. Bracken, mjenzi na mchonga mawe wa Templemore, aliyekuwa mzalendo mkali. Na Thomas St George McCarthy, ofisa wa polisi wa Kifalme wa Ayalandi, mwanafunzi wa zamani wa Cusack, ambaye mwaka 1882 alikuwa ameichezea Ayalandi mchezo wa raga. Davin akachaguliwa kuwa rais, Cusack akawa katibu pamoja na wengine, na chama kikapewa jina la Chama cha Riadha cha Kigaeli. Iliamuliwa kwamba waombwe watu watatu wawe walezi: Charles Stewart Parnell, kiongozi wa siasa, Michael Davitt, mtetezi wa wakulima, na Thomas Croke, askofu mkuu wa Cashel, mkaazi wa Thurles penyewe.

Croke alijibu mwezi uliofuata kwa barua ambayo chama kikaifanya kuwa kama hati ya kuzaliwa kwake, akilalamika kwamba Waayalandi wanaagiza kutoka Uingereza si bidhaa tu bali hata michezo, mavazi na lafudhi, na kwamba yale yaliyokuwa yao wenyewe wameyaachia yafe. Huyu hakuwa mtu wa kujifungia. Alikuwa amekwisha kuwa askofu wa Auckland katika Nyuzilandi kabla ya kuletwa Tipperary mwaka 1875, na alipofariki mwaka 1902 alizikwa katika kanisa kuu alilolitabaruku. Uwanja mkuu wa taifa katika Dublin waitwa Croke Park kwa jina lake.

Kanuni za kwanza za michezo zilipitishwa Thurles vile vile, Januari 1885, na kwa muda mfupi moto ukaenea nchi nzima, kila parokia ikawa na timu yake, kwani ule ulikuwa ndio werevu mkubwa wa waanzilishi hao: hawakutazama matajiri wala wasomi bali walilijenga jambo lao juu ya parokia, mahali ambapo mtu alibatizwa na atazikwa, hata mchezaji akawa anabeba jina la watu wanaomjua na baba yake. Mashindano ya kwanza ya Ayalandi yote, ya mwaka 1887, yalimalizika siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1888, katika mji wa Birr. Wakati huo kaunti iliwakilishwa na klabu iliyoshinda kwao, na kila upande ulikuwa na watu 21; basi Thurles, wakiongozwa na Jim Stapleton, wakawashinda Meelick wa Galway kwa goli 1 na pointi 1 kwa bila, na goli hilo lilifungwa na Tommy Healy. Mji uliokizaa chama ukatwaa tuzo lake la kwanza.

Klabu ya mji ni Sarsfields, na katika mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa na nahodha ambaye jina lake halitamkwi pale bila heshima, Tom Semple, mfanyakazi wa reli, mrefu, mwenye nidhamu, aliyekuwa nahodha wa Tipperary walipotwaa ubingwa wa 1906 na 1908. Kiwanja cha michezo kilinunuliwa mwaka 1910, na Semple baada ya kuacha kucheza akawa mlinzi wa majani yake kwa mapenzi ya mtu na bustani yake; mwaka 1971 kikapewa jina lake. Leo kinachukua watu zaidi ya 45,000, yaani mara tano ya wakaazi wa mji na zaidi, na siku ya fainali ya Munster barabara ya kutoka uwanja wa mji hadi geti la kiwanja huwa mto wa pili, wa watu, wenye mashati ya rangi ya samawati na dhahabu ya Tipperary, au mekundu ya Cork. Hapo ndipo alipokulia Jimmy Doyle, mtoto wa Thurles mwenye medali sita za Ayalandi yote, ambaye wengi wa wajuzi humtaja mara ya kwanza wanapoulizwa ni nani aliyelishika camán kwa uzuri kuliko wote.

Lakini tarikhi ya chama hiki haikuwa ya furaha tupu, na mwandishi mkweli hana ruhusa ya kuruka yale machungu. Katika vita vya uhuru, Januari 1920, konstebo mmoja alipopigwa risasi mjini Thurles, polisi wenzake walitoka usiku wakafyatulia risasi nyumba na maduka ya raia. Novemba 21 ya mwaka huo, timu ya mpira wa Kigaeli ya Tipperary ilipokuwa ikicheza na Dublin katika Croke Park, majeshi ya serikali yaliingia na kuwafyatulia risasi watu, wakafa 14, na miongoni mwao Michael Hogan, mchezaji wa Tipperary, aliyeanguka juu ya majani akiwa amevaa jezi yake. Mtu asiyeyajua haya hatafahamu kwa nini chama kiliendelea kuwafungia milango polisi na askari wa Uingereza, na kuwakataza wanachama wake hata kutazama raga na kandanda. Hata hivyo, kufahamu ni jambo moja na kuridhika ni jingine. Makatazo hayo yalifika mahali pa dhulma: mwaka 1938 Rais wa nchi mwenyewe, Douglas Hyde, mtu aliyeitumikia lugha ya Kiayalandi maisha yake yote, alivuliwa ulezi wa chama kwa sababu alihudhuria mechi ya kandanda kwa wadhifa wake. Chumba cha biliadi cha 1884 kilikuwa na nafasi kwa mpinzani wa serikali na kwa ofisa wa serikali hiyo hiyo, na Cusack mwenyewe alikuwa ameicheza raga. Mlango wa chumba hicho ulikuwa mpana kuliko milango iliyojengwa baadaye kwa jina lake. Hii ndiyo hukumu yangu, nami siiondoi.

Katazo la michezo ya kigeni lilifutwa mwaka 1971, na marufuku ya polisi mwaka 2001. Kati ya tarehe hizo mbili mji ulipata siku yake kubwa: tarehe 2 Septemba 1984, kwa kuadhimisha miaka mia ya chama, fainali ya Ayalandi yote ilihamishwa kutoka Dublin ikachezwa Thurles, na mbele ya watu karibu 60,000 Cork wakawashinda Offaly. Miaka mitano baadaye kiwanda cha sukari, kilichofunguliwa mwaka 1934 na kulisha nyumba nyingi za mji kwa viazi sukari vya mashamba ya jirani, kilifungwa, na pigo hilo likawa zito. Wachezaji waliendelea kucheza, kwani hata hivi leo mcheza hurling hapokei mshahara. Ni mwalimu, mkulima au fundi wa umeme, ambaye Jumapili hushangiliwa na maelfu na Jumatatu huamkia kazini. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliuandika mchezo huu katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Kuhusu yule ofisa wa polisi, McCarthy, aliishi miaka mingi ya uzee wake Dublin, wakati ambapo chama alichokianzisha hakikuwa na nafasi kwa watu wa kazi yake. Alifariki mwaka 1943, akazikwa katika makaburi ya Deansgrange bila jiwe wala jina. Mwaka 2009, miaka 125 tangu alasiri ile ya Thurles, chama kiliweka jiwe juu ya kaburi lake.